Nyota Tano kutoka Ringwani

Cheti changu cha kuwahudumia wasomaji kwa kuchati kimetundikwa ukutani juu ya kabati la magazeti, mahali ambapo kila anayeingia anakiona kabla hajaniona mimi. Kina muhuri, kina maua pembeni, na kimeandikwa kwamba nilihitimu kwa umahiri wa hali ya juu. Nasikia mazungumzo yangu yanaoneshwa hata kwenye semina za mikoa mingine, eti ni mfano wa jinsi mtumishi anavyomtuliza mtumiaji mgumu mpaka akapewa nyota tano. Ambacho wanasemina hawaambiwi ni kwamba mtumiaji huyo alikuwa mwanamke wa Ringwani aliyekuwa anajiandikisha mtihani siku ya mwisho, kwamba nilikuwa na jibu lake mdomoni, na kwamba alikosa mwaka mzima kwa sababu mimi nilikuwa na shughuli ya kuwa mahiri.

Maktaba yetu ni ghala la zamani la kahawa pembezoni mwa mji wa Tarime. Ina vyumba viwili, madirisha ya nondo, na vitabu ambavyo vingi tulipewa na watu waliokuwa wanahama. Watumishi tulikuwa wawili. Mimi nililetwa na barua ya kazi kutoka Njombe miaka mingi iliyopita, nikiwa na koti zito na mpango wa kukaa miaka miwili tu. Mwenzangu ni mama wa Gorong'a, Mkurya hasa, aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na ambaye sijawahi kumwona akikimbilia kitu chochote. Ukija kwake kuazima kitabu atakuuliza umeamkaje, wewe ni wa kwa nani, baba yako ndiye yule aliyejenga kona ya kwenda Sirari au ni ndugu yake, kwenu mvua imenyesha, na yule mgonjwa mliyemleta hospitali juzi anaendeleaje. Baada ya hapo ndipo atauliza unataka kitabu gani. Mara nyingi inagundulika kwamba hukutaka kitabu, ulitaka mtu wa kukusomea barua ya baraza la ardhi. Anakusomea, unaondoka, na kwenye daftari letu la takwimu kitabu kilichoazimwa ni sifuri. Nilikuwa namwonea huruma kwa kukosa ufanisi.

Kisha ikaja barua ikisema tunaingia rasmi kwenye huduma za kidijitali. Ilikuja na simu mpya, plastiki yake bado iko juu ya kioo, na maelezo kwamba wasomaji sasa watatuuliza maswali kwa kuchati popote walipo, baada ya sisi kupewa mafunzo ya siku tatu. Nilifurahi mno. Siku hiyohiyo nilichapa matangazo yenye namba ya simu hiyo, nikawapa waendesha bodaboda wayapeleke makanisani na madukani, Gorong'a, Sirari, hata upande wa Serengeti mpaka Ringwani na Issenye. Ukurasa wa pili wa barua ulisema tangazo lolote lisitoke kabla ya mafunzo kwisha. Mimi ni mkutubi, nimezungukwa na kurasa maisha yangu yote, na barua za ofisi huwa nazisoma ukurasa wa kwanza.

Mkufunzi alitoka Dodoma akiwa amevaa raba nyeupe katikati ya msimu wa mvua, jambo lililonionesha amelifanyia eneo letu utafiti wa kiasi gani. Tulikuwa wanafunzi watatu tu: mimi, mama wa Gorong'a, na mwalimu mmoja anayesimamia vitabu vya shule, aliyekuja na pikipiki yake kutoka Issenye. Kwa watu watatu mkufunzi alileta slaidi tisini na kipaza sauti.

Tulifundishwa kwamba jibu lazima litoke ndani ya dakika moja. Tulifundishwa kutomuuliza msomaji mambo yake binafsi, kwa kuwa hilo ni kosa kubwa kitaalamu. Tulipewa majibu kumi na mawili yaliyoandaliwa tayari, yamehifadhiwa ndani ya simu, unagusa tu linakwenda lenyewe, ili usije ukajichosha kwa kufikiri. Na mwisho wa kila mazungumzo msomaji anatumiwa nyota tano tupu, azijaze kulingana na alivyoridhika.

"Sasa mtu akisema shikamoo?" mama aliuliza.

"Unagusa jibu namba moja, mama."

Jibu namba moja lilikuwa hili: "Habari! Karibu kwenye huduma yetu ya mtandaoni. Nikusaidie nini leo?"

Mama alilisoma mara mbili kwa sauti. "Hii haijaitikia shikamoo. Na akiwa ni mzee wangu, si ni mimi natakiwa kumwamkia?"

"Mama, mtandaoni hakuna wazee," mkufunzi alisema, na mimi na mwalimu tukaandika hilo kwenye madaftari yetu.

Siku ya pili tulifanya mazoezi. Mkufunzi alivuka barabara akaenda kukaa kwenye gesti aliyofikia, akawa anatutumia meseji akijifanya wasomaji mbalimbali. Alianza na mwanafunzi anayetaka kitabu cha kemia, na zamu ilikuwa ya mama. Mama alimwitikia vizuri, akamuuliza ni wa kwa nani. Mkufunzi akabuni jina. Mama akauliza ukoo. Mkufunzi, ambaye kwao ni mbali na huku, akakwama, mwisho akaandika kwamba hajui. Mama akashtuka, akataka kujua ni mtoto gani asiyejua ukoo wake, kama wazazi wapo, na kama anakula. Alitumia dakika ishirini na sita kwa mwanafunzi ambaye hayupo, na mwisho akamwambia asalimie nyumbani. Kwenye karatasi ya alama aliandikiwa kwamba anahitaji kuboresha. Mimi nilimaliza mwanafunzi wangu kwa sekunde arobaini na moja, na mkufunzi alirudi mbio kuja kunipa mkono. Sitasema uongo, usiku ule nililala nikijiona nimeshika dunia.

Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Asubuhi tulifundishwa habari za mtumiaji mgumu. Dalili zake, kwa mujibu wa slaidi, ni kwamba ana haraka, anarudia swali lilelile, na anadai muda unamwishia. "Kwa mtu huyu," mkufunzi alisema, "tatizo siyo kitabu, tatizo ni hisia. Sitawapima kwa jibu, nitawapima kwa utulivu." Akatuambia kwamba mchana huo mtumiaji mgumu atatutokea, hatatuambia saa ngapi wala atatumia namba gani. Kisha akaenda zake gesti kuchapa vyeti.

Saa saba na nusu simu ikalia. Namba ilikuwa ngeni.

"Shikamoo. Nimeona namba yenu kwenye tangazo kanisani. Naomba msaada. Najiandikisha QT, mfumo unakataa picha yangu. Mwisho ni leo saa kumi."

QT ni ule mtihani wa watu waliokatiza shule wanaotaka kurudi kupitia mlango wa nyuma. Wanajiandikisha wenyewe mtandaoni, wengi kwa simu, na picha ndiyo inayowatoa jasho. Nikagusa jibu namba moja.

"Nimeshasema," akaandika. "Picha inakataliwa. Nimepiga mara sita."

Mwalimu akapiga meza kwa furaha. "Ndiye huyu, madam. Ndiye huyu."

Nami niliona ndiye. Haraka alikuwa nayo, swali alilirudia, na muda ulikuwa unamwishia. Dalili zote zilitimia kama zilivyoandikwa kwenye slaidi. Nikavuta kiti, nikagusa jibu namba saba: "Tunaelewa usumbufu unaoupata na tunathamini sana subira yako."

"Niko Ringwani. Simu ina chaji kidogo, umeme hakuna tangu jana. Naombeni mnisaidie."

Tulicheka mpaka mwalimu akafuta machozi. Tuliona mkufunzi kajitahidi kweli, kaokota jina la Ringwani kwenye ramani, akaongezea na umeme kukatika ili mchezo unoge. Mtu wa Dodoma kumbe anatujua hivi.

Na jibu nilikuwa nalo. Hilo ndilo linalonikera mpaka leo. Wiki ileile watu wanne walikuwa wamekuja mezani kwangu na tatizo hilohilo, na wote niliwaambia neno moja: picha inataka kitambaa cha buluu kitupu nyuma yako, tandika, upige tena. Hakuna aliyerudi kulalamika. Lakini kumjibu mtumiaji mgumu swali lake ilikuwa kama kuharibu zoezi, na mimi nilikuwa nautaka ule umahiri wa hali ya juu.

Mama alikuwa amesogea, anasoma begani kwangu. "Huyu shikamoo yake hamjaitikia," alisema.

"Mama, huyu ni mkufunzi. Siyo mtoto wangu nimwitikie marahaba."

"Muulize ni wa kwa nani."

Niliandika kwa kumridhisha, na pia kwa ukorofi wangu, nikijua mkufunzi atakwama kama alivyokwama jana. Nikaandika tu: "Wewe ni wa kwa nani?"

Jibu lilirudi haraka kuliko yote. "Mimi ni mke wa fundi cherehani wa hapa karibu na josho la ng'ombe."

Mama akanyooka. "Huyo fundi yupo. Hapo josho la Ringwani kuna fundi cherehani, mamake tunajuana."

"Mama," nilisema, kwa ile sauti ninayowatumia watu wanaorudisha vitabu vina mafuta, "kila kijiji kina fundi cherehani, na kila kijiji kina josho."

Mwalimu alikubaliana na mimi. Mama akarudi kwenye kiti chake, akaanza kukunja kitambaa chake cha kichwa, akikikunjua na kukikunja tena. Mimi nikafunga mazungumzo kwa jibu namba kumi na mbili: "Ombi lako limepokelewa. Asante kwa kuwasiliana nasi. Tafadhali tathmini huduma yetu kwa kugusa nyota."

Nyota zikawaka. Ya kwanza, ya pili, zikaenda mpaka ya tano. Mwalimu alisimama akanipigia makofi, na mimi nikainama kidogo kama mwanakwaya aliyemaliza ubeti wake.

Mkufunzi alirudi saa tisa, raba zake zikiwa na rangi ya Tarime, vyeti mkononi. "Samahani sana, washiriki," alisema, "printa ya pale imenisumbua tangu saa sita, sikupata hata nafasi ya kushika simu. Mtumiaji mgumu tutamfanya sasa hivi kabla ya kufunga."

Mwalimu alinitazama mimi, nami nikaitazama simu. Mama wa Gorong'a hakumtazama mtu, alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya meza.

Niliandika jibu kwa mkono wangu mwenyewe, bila namba: weka kitambaa cha buluu nyuma, piga picha tena, tuma, harakisha. Meseji ilitoka na tiki moja, ikakaa hapohapo. Nikapiga. Yule dada wa kwenye mtandao akaniambia kwa adabu zote kwamba simu ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nilipiga tena na tena, naye hakuchoka kuniambia. Mkufunzi aliomba kuona mazungumzo. Akayasoma taratibu, akakuna kidevu. "Ni bahati mbaya," alisema. "Lakini kiufundi, dada yangu, umefanya vizuri sana. Naomba niyapige picha."

"Mura," mama alimwambia mwalimu, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "pikipiki yako ina mafuta?"

Tulipanda mshikaki, watu watatu juu ya pikipiki moja. Mwalimu mbele, mama katikati na mkoba wake, mimi nyuma, makalio nusu yakiwa hewani. Mama hakuhitaji ramani wala anwani. Alikuwa na fundi cherehani, alikuwa na josho, na kwa watu wa huku hiyo ni anwani kamili kuliko hata sanduku la posta. Bila lile swali nililoliandika kwa ukorofi, tungekuwa tunatafuta namba ya simu porini.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Mara mbili tulishuka tukasukuma. Kwenye daraja moja dogo lililojaa tope, mimi nikiwa nimeshika viatu mkononi, nilitazama saa ikawa kumi kamili. Mwalimu naye alikuwa ameona, maana alisema bila kugeuka, "Huwa wanaongezaga siku, madam." Mwaka huo hawakuongeza.

Tulipokaribia, akasema tena, "Tuwaambie mtandao ulisumbua. Si ni kweli, huku mtandao unasumbuaga?"

Mtandao maskini. Sijui watumishi wa umma tungekuwa wageni wa nani kama usingekuwepo wa kubeba dhambi zetu. Nilikiri moyoni kwamba ni wazo zuri, na nililishika kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kusema. Mama aliligeuzia kichwa na kusema neno moja la Kikurya ambalo mwalimu alikataa kunitafsiria.

Nyumba haikutusumbua. Cherehani ilikuwa barazani, na mama yake fundi alikuwa ameketi kwenye kigoda anachambua maharage. Wazee wawili wale walisalimiana kwa Kikurya kwa muda ambao mkufunzi angezimia. Sikuwasikiliza. Nilikuwa natazama meza ya cherehani. Pale juu, limekunjwa vizuri, palikuwa na jora zima la kitambaa cha buluu ya mbingu, cha kushonea mashati ya shule. Nilihesabu hatua kutoka pale kwenye meza hadi ukutani. Zilikuwa nne.

Mwanamke mwenyewe alitokea nyuma ya nyumba, simu mkononi, ametoka kuichajisha kwa jirani mwenye sola. Alikuwa na umri wa miaka thelathini hivi, kidole kimoja kikiwa na wino. Alitusalimia wote shikamoo kwa zamu, akapiga goti kidogo, tukaitikia, akaleta viti. Ndipo mama akamwambia tunatoka maktaba.

"Nimeona meseji yenu sasa hivi ilipowaka," alisema. "Ya kitambaa. Nikajaribu, mfumo umefungwa." Alisema hivyo kama mtu anayejieleza kwa kuchelewa yeye. "Si kitu. Nitajaribu mwakani."

Mkwewe hakuinua macho kwenye maharage. "Mwakani," alirudia. "Amesoma kila siku tangu mavuno. Madaftari yake yako ndani, nenda ukaone."

Sikwenda kuyaona. Nilimwambia ukweli, na ukweli ule ukiutoa nje ya ghala la kahawa ulikuwa wa kijinga kabisa. Jaribu kumweleza mtu barazani kwake kwamba wakati anaomba msaada wewe ulidhani yeye ni mwanaume wa Dodoma mwenye raba nyeupe, na kwamba ndiyo maana ulicheka. Nilimwambia jibu nilikuwa nalo tangu meseji yake ya kwanza. Nilimwambia nimeona aibu, na ilikuwa kweli, masikio yalikuwa yananiwaka. Mwalimu alikuwa amegundua kitu cha kutengeneza kwenye pikipiki yake.

Yeye alinisikiliza bila kunikatiza. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayejaribu kuunganisha kitu ambacho hakikai sawa.

"Ulinipa nyota tano," nikamwambia, maana swali hilo lilikuwa limenikaba tangu darajani. "Zote. Kwa nini, na mimi sikuwa nimekusaidia?"

Akatabasamu kwa haya. "Mimi nilidhani ni mashine, mama. Niliamkia haikuitikia. Ikanijibu kama wale wa kampuni za simu, bonyeza moja, bonyeza mbili. Ilipouliza mimi ni wa kwa nani nikasema, ah, hapa kuna mtu, nikajibu haraka. Halafu yakarudi maneno ya mashine. Ikasema ombi limepokelewa, gusa nyota. Nikazigusa zote ili ifungue mbele, huenda ndani kuna mtu. Nikakaa nasubiri mpaka simu ikazima."

Aliigeuza simu mkononi, akaifuta kioo kwa kanga yake, kisha akaniangalia vizuri usoni.

"Kumbe ulikuwepo?"

"Nilikuwepo," nilimwambia.